Nyenje 200 kutoka Kisumu hadi Nakuru: nyota nne, na ile ya tano ilipotelea steji

Jumatatu saa kumi na mbili jioni nilikuwa nimemnyoa mteja upande mmoja tu wa kichwa simu ilipolia. Namba siijui. Simu yangu spika ya sikioni ilikufa zamani, kwa hiyo kila anayenipigia anazungumza na kinyozi pamoja na benchi zima. Mwanamke akauliza, bila hata habari ya jioni, "Ni wewe unatumiwa wadudu?"

Benchi likanyamaza.

Nikasema ndiyo, ni mimi. "Wako hai?" Wako hai. "Wanauma?" Hawaumi. "Na hili boksi likifunguka kwa gari, abiria watafanywa nini?" Nikamwambia hawatafanywa kitu, labda waimbiwe. Hakucheka. "Sasa niambie: wameshikwa porini ama wamezaliwa kwa mtu?" Hapo nikazima mashine, nikatoka nje nizungumze vizuri. Mteja nilimwacha na nusu kichwa.

Huyo ni karani wa dirisha la vifurushi kule Kisumu, la kampuni moja ya matatu zinazopiga Kisumu na Nakuru kila siku, na haya ni maoni yangu juu ya huduma yao. Jina la kampuni silitaji. Yeye mwenyewe aliniomba: "Ukinitangaza, kesho mtu ataniletea nyoka."

Mimi ni kinyozi hapa Free Area, Nakuru. Dukani nina tangi la kioo, zamani lilikuwa la samaki, na ndani yake nafuga nyenje. Si wa kuuza wala si wa kula, ingawa wateja wangu wa kutoka Siaya huniangalia kama mtu aliyeficha kitoweo. Nawafuga kwa sababu ya sauti. Anayeimba ni dume peke yake, anasugua bawa juu ya bawa, na jioni stima ikipotea, redio ikinyamaza, madume thelathini wakianza, mteja anaweza kusinzia kwenye kiti huku wembe uko shingoni. Shida ni kwamba nyenje akishakomaa anaishi wiki chache tu, na mayai yake yanataka joto la nyuzi 30 hivi ili yaanguliwe vizuri. Usiku wa Nakuru haujui habari hiyo. Kwa hiyo mara kwa mara lazima niagize.

Ninayemwagiza ni mama mmoja wa Bondo anayewafuga kwa ndoo. Kule si ajabu. Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kiko palepale Bondo na kina kituo cha wadudu wa chakula na lishe ya mifugo, na ukivuka ghuba hadi Mbita kuna kambi ya watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu. Hao icipe ndio waliotangaza mwaka 2018 kwamba nyenje mmoja anayefugwa hapa Kenya, ambaye watu walidhani ni wa jina jingine, kumbe ni wa aina yake kabisa, wakamwita Scapsipedus icipe. Wangu si huyo. Wangu ni wale wa rangi ya maji ya chai, Acheta domesticus, wanaofugwa dunia nzima.

Kabla sijasifu, niseme kwanza nilivyochomeka, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini maswali ya yule dada yalinifurahisha hivyo.

Novemba 2024 niliagiza nyenje 150 kupitia kampuni nyingine. Wakati huo sikuwa na huyu mama. Niliuziwa na kijana mmoja wa Kisumu, akanishauri tuandike kwenye risiti "vipuri vya simu". Alisema ukiandika wadudu utazungushwa. Nikakubali. Sikulazimishwa, nilikubali mwenyewe. Pale dirishani hawakuuliza kitu. Walichukua boksi, wakaliviringisha selotepu ya kahawia mzunguko baada ya mzunguko, kwa usalama wa vipuri, wakaziba kila tundu nililolipia, wakalitia buti karibu na gunia la omena, juu ya sakafu inayopata moto wa ekzosi. Nilipolifungua Nakuru lilinipumulia usoni. Joto, unyevu, na harufu ambayo hata leo nikipita Wakulima upande wa samaki inanirudia. Nyenje wote 150 walikuwa wamelala chali, miguu imekunjwa kama watu wanaosali. Karatasi za trei ya mayai zilikuwa zimelowa kwa pumzi zao wenyewe.

Nikaenda kudai. Meneja wa ofisi alisoma risiti, akanitazama, akaisoma tena. "Vipuri vya simu," akasema. "Vipuri vya simu vinakufa vipi?"

Sikuwa na jibu. Sina hadi leo. Fidia yao walikuwa nayo, imeandikwa nyuma ya risiti, lakini ilikuwa ya mzigo uliotajwa, na mzigo wangu haukuwahi kutajwa. Kwenye karatasi, nilikuwa nimepokea vipuri vya simu vikiwa salama.

Nilikaa miezi bila nyenje. Halafu ikaja ile kesi ya sisimizi.

Kama hukuifuata: tarehe 5 Aprili 2025 vijana wawili Wabelgiji walikamatwa kwenye nyumba ya wageni Naivasha, kaunti yetu hii hii, wakiwa na sisimizi 5,000, wakiwemo malkia, ndani ya vichupa 2,244 vilivyotiwa pamba. Kulikuwa na kesi nyingine ya aina hiyo hiyo, ya Mvietnamu na Mkenya waliokutwa na mamia. Wote wanne walipelekwa mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na tarehe 7 Mei wakahukumiwa kila mmoja faini ya shilingi milioni moja au mwaka mmoja jela. Baadhi yao walikuwa na Messor cephalotes, sisimizi wakubwa wekundu wanaovuna mbegu. KWS, shirika la serikali la wanyamapori, walisema vile vichupa vilitengenezwa ili sisimizi waishi hadi miezi miwili, na kwamba wezi wa wanyamapori sasa wanahama kutoka kwa ndovu na faru kwenda kwa viumbe ambavyo hakuna anayevitazama.

Benchi langu lilicheka wiki nzima. Milioni moja kwa sisimizi! Mwingine akasema kwao wanawamwagia maji ya moto bure. Lakini iliporipotiwa kwamba malkia mmoja anaweza kufika pauni 170 Uingereza, kicheko kikapungua na hesabu zikaanza. Mteja mmoja, namhifadhi, alikuja baadaye peke yake akaniuliza kwa sauti ya chini kama najua kupakia. Yeye anajua mahali Naivasha mvua ikinyesha malkia wanatoka ardhini wenyewe. Nilimwonyesha mlango. Malkia si sisimizi mmoja. Ukimwondoa, umeondoa kichuguu chote ambacho kingetoka kwake, na wale wavunaji ndio wanaobeba mbegu na kuchimbua udongo mahali ambapo jembe halifiki.

Lakini kesi ile ilinitia wasiwasi pia mimi. Nilikwenda saiba nikachapisha ile Sheria ya Wanyamapori ya 2013, kurasa za mwanzo tu, penye maana ya maneno. Sisi tukisikia mnyamapori tunaona pembe na mkonga. Sheria haioni hivyo. Mnyama yeyote wa porini aliye wa asili ya hapa yumo, na mimea imo, hadi vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hakuna mahali pameandikwa kwamba lazima awe na damu nyekundu. Kwa hiyo nyenje ninayemtoa chini ya jiwe kando ya mto Njoro nikamtia kwenye chupa nimpeleke sokoni, huyo ni mali ya kuombewa kibali KWS, na barua ya mtu yeyote wa Bondo haitanisaidia. Nyenje aliyezaliwa kwenye ndoo, na mama yake kwenye ndoo, na bibi yake kwenye ndoo, ni hadithi nyingine, lakini aliye njiani lazima awe na mtu wa kuisimulia hiyo hadithi.

Ndiyo maana lile swali la dada wa Kisumu lilinikalisha. Porini ama kwa mtu? Karani wa matatu, saa kumi na mbili jioni, na foleni yake ninaisikia kwenye simu, ameuliza swali lenyewe hasa.

Nikamwambia wamezaliwa kwa mtu. Akasema basi huyo mtu aandike. Alitaka jina la mfugaji na namba ya kitambulisho, aina ya mdudu, idadi, wamezaliwa wapi, wanakwenda kwa nani na kwa kazi gani. Mama wa Bondo alikuwa bado yuko pale dirishani, amekuja na boksi mwenyewe. Akaandika kwa mkono, wakapiga muhuri wa duka la jirani lenye muhuri, sijui hata ni duka la nini. Nakala moja ikabandikwa kwenye boksi, nyingine ikabaki kwa faili, ya tatu nikapigiwa picha. Niseme wazi, kwa sababu benchi langu lilichanganya: barua hiyo si kibali cha serikali na karani hakusema ni kibali. Alitaka mtu wa kuulizwa. Ng'ombe akitoka Kisumu kuja Nakuru ana karatasi ya ofisi ya mifugo, na hakuna anayeshangaa.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kunifanyia. Alilifungua boksi. Mama wa Bondo ananiambia alivaa glavu za kuoshea vyombo, akafungua kona moja, akamulika tochi ya simu, akaangalia muda mrefu, akafunga. Akauliza, "Haya matundu mbona mna waya?" Mama akamweleza kwamba ukiweka chandarua cha nailoni, nyenje wanakitafuna njiani na kufika Kericho wako huru. Waya laini wa dirishani hawauwezi. Ndani mna trei za mayai zimesimamishwa wima wapate kujishikilia, na vipande vya viazi badala ya maji, maana kikombe kikimwagika tu umewaua. Dada akaandika juu kwa kalamu nene, WADUDU HAI, USIFUNIKE, USIWEKE JUANI, na namba yangu ya simu.

Gharama ilikuwa shilingi 450, wakati kifurushi cha ukubwa huo kwao ni 250. Nililalamika. Akasema 200 ni za kiti, kwa sababu haendi buti. Nikalipa.

Gari la jioni alikataa kulitumia. Lingefika Nakuru saa nne usiku, ofisi imefungwa, na mzigo ungelala kwa mlinzi. Alisema watalala kwake, juu ya rafu, waondoke na la saa kumi na moja alfajiri. Usiku wa Kisumu una joto lake, hilo sikubisha.

Mimi usingizi haukuja. Nikalala nasoma kwa simu jinsi wenzetu wanavyofanya, na nikaona kwamba kichekesho hakiko Kenya peke yake. Umoja wa Posta Duniani umekataza kutuma viumbe hai kwa barua, halafu ukataja walioruhusiwa: nyuki, ruba, na viwavi wa hariri, pamoja na wadudu wachache wa maabara na wale wanaokula wadudu waharibifu. Ruba! Anyonyaye damu anapanda ndege na stempu, mwimbaji wangu habari zake hazimo. Marekani, malkia wa nyuki anaruhusiwa kusafiri kwa posta ya ndege akiwa na wapambe wasiozidi wanane, kama bibi harusi. Na huko huko, mtu anayefuga wale wadudu wanaofanana na vijiti, watoto wa shule wanaowapenda sana, hawezi kumtuma mmoja kutoka jimbo moja hadi jingine bila kibali cha wizara ya kilimo, kwa sababu wanakula majani na wakitoroka watakula ya wakulima. Hoja yao kubwa ni mimea. Hoja ya KWS ni kiumbe mwenyewe na kwao alikotoka. Mdudu mmoja, na kila afisi inamwona kwa jicho lake. Hapa kwetu, ukitaka kumwingiza kutoka nje, KEPHIS, wakaguzi wa serikali wa afya ya mimea, nao watataka kujua anakula nini.

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi simu ikalia. Konda.

"Omera, hawa watu wako wanaimba."

Walikuwa Awasi, bado giza, na madume walikuwa wameamua kuwa huo ni usiku wao. Boksi lilikuwa chini ya kiti cha nyuma ya dereva. Nikasikia kabisa kwenye simu, na nyuma yao abiria mmoja anauliza gari limeharibika wapi. Konda alitaka kujua kama kuna mahali pa kuzima. Nikamwambia awaache, wakifika baridi watanyamaza wenyewe.

Na kweli. Mau Summit ni zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari, na asubuhi ile, alivyonieleza baadaye, ukungu ulikuwa hauonyeshi lori la mbele. Simu ya pili ilikuja saa mbili kasoro: "Wamenyamaza. Wote. Nadhani wamekufa, na mimi sikuwagusa." Sauti ya mtu anayejitetea mapema. Nikamwambia asijali. Lakini mimi mwenyewe nilijali.

Sasa nyota ya tano. Gari lilifika Nakuru saa tatu na nusu. Konda akakabidhi boksi dirishani, vizuri kabisa, na dirisha la Nakuru halikuwa limeambiwa chochote na dirisha la Kisumu. Karani wa hapa, mama mmoja mpole kwa sura, alisoma WADUDU HAI akasukuma kiti nyuma. Nilipofika nililikuta boksi langu nje, kwenye saruji kando ya mtaro, peke yake, limewekewa jiwe juu kana kwamba litaruka. Manyunyu yalikuwa yameanza.

"Nichukue?" nikauliza.

"Hapana. Sitaki kesi ya Naivasha hapa."

Nikamwonyesha barua, ile nakala iliyobandikwa na ile ya kwa simu. Akasema barua inasema nyenje lakini yeye atajuaje ni nyenje. Swali zuri pia, kusema kweli, na lingekuwa zuri zaidi kama lingeulizwa boksi likiwa ndani. Nikamwomba afungue kona aangalie. Akaniuliza kama mimi ni mzima. Ilichukua dakika arobaini, simu tatu kwenda Kisumu, na yule dada wa Kisumu kumwambia jambo kwa Kijaluo ambalo sikulielewa lote lakini lililegeza mambo. Nikatia sahihi mara mbili. Saa nzima karibu, wadudu waliotoka ziwani walikuwa kwenye saruji ya Nakuru na mvua.

Dukani nililifungua nikiwa nimeshika pumzi. Wamekauka. Wameng'ang'ania trei za mayai, hakuna kinachosogea, ukimpuliza mmoja anaanguka kama ganda. Mteja aliyekuwa kitini akasema pole, kwa heshima, kama msibani. Nikakumbuka lakini kwamba hakukuwa na ile harufu. Boksi lilikuwa kavu. Nikaliweka kando ya lile sanduku la taulo za moto, si juu yake, kando tu, nikaendelea na kazi.

Dakika ishirini hivi. Nilikuwa nachonga ndevu za mteja alipoonyesha kwa kidole bila kugeuza kichwa. Kipapasio kimoja kilikuwa kinazunguka polepole, kama mkono wa saa. Halafu cha pili. Halafu mguu. Wakawa wanaamka mmoja mmoja, wanajisogeza upande wa joto, wanapanda juu ya wenzao. Baridi inawalaza tu. Kilichowaua wale 150 ni moto na kukosa hewa.

Jioni niliwahesabu nikiwahamisha. Waliokufa 13. Mama wa Bondo alikuwa ameongeza kumi juu ya 200, nyongeza kama ya sokoni, kwa hiyo nilibaki na 197. Bei yake ilikuwa shilingi 1,000 kwa wote. Kwake yeye natoa nyota tano na sitaki mjadala.

Kampuni ya matatu, nne. Ningetoa tatu na nusu kwa ajili ya lile jiwe juu ya boksi, lakini konda amezirudisha. Kama utawatumia, mwombe mwenye dirisha la Kisumu apige simu Nakuru kabla gari halijaondoka, si baada ya kufika. Omba gari la alfajiri. Na mfugaji wako aje mwenyewe na kitambulisho, asimtume boda. Kama mdudu wako ameokotwa porini usiwasumbue hawa makarani kabisa, anza KWS. Na usiandike vipuri vya simu.

Wiki iliyopita yule karani wa Nakuru alipita dukani na mtoto wake wa kiume anyolewe kabla shule hazijafunguliwa. Mtoto alibandika uso kwenye kioo cha tangi, ikawa kazi kumrudisha kitini. Mama yake alisimama mlangoni muda wote, mkoba kifuani. Hela alinitumia kwa M-Pesa akiwa hapo hapo nje.